Mizani ya Barua na Mikoa Miwili

Rula alichora ramani kwa mkono katika ofisi ya upimaji miaka thelathini na minane. Jina hilo tulimpa sisi, kwa kuwa hata mkate aliupima kabla ya kuukata. Mimi nilitunza stoo ya ramani. Shule sikumaliza, niliyoyajua niliyasoma nikizikunja. Sasa stoo ni chumba cha kompyuta, na anayejua kukunja ramani hakuna.

Wiki yake ya mwisho kazini, ofisi ilitaka ramani ya nchi iwekwe kwenye tovuti. Kazi akapewa binti yake mwenyewe, wa chumba hicho cha kompyuta. Rula aliomba jambo moja tu: Kaskazini na Kusini, mikoa yenye eneo sawa kabisa, ionekane sawa.

Kwenye skrini kubwa ya chumba cha mikutano, Kaskazini ilikuwa imefura.

“Mwanangu, umeivuta nchi kama soksi.”

“Baba, dunia ni duara, skrini ni bapa. Lazima mahali pavutike.”

“Hilo unanifundisha mimi? Sisi tulichagua pa kuvutika. Nyie mmechagua nini?”

“Inayofunguka haraka.”

Rula akatandaza karatasi ya kunakilia juu ya skrini, akachora mikoa yote miwili, akaihamishia kwenye kadi nene na kuikata. Kisha akaniagiza mizani ya barua. Ndivyo tulivyopima maeneo zamani: kadi ikiwa ya aina moja, eneo kubwa ndilo zito. Kaskazini, gramu thelathini na mbili. Kusini, ishirini na moja.

Binti aliinama akaisoma mizani mwenyewe. “Nipe saa moja, baba.”

Akabadilisha namna ya kuitandaza nchi. Wakakata upya, wakapima: ishirini na moja kwa ishirini na moja. Rula alicheka hadi akavua miwani.

Ndipo akaingia mkurugenzi, mzaliwa wa Kaskazini.

“Kwetu kumenywea hivi kwa nini? Rudisheni ile ya asubuhi.”

“Ile ilikuwa na uongo, bosi.”

“Mzee wangu, tovuti ni ya wananchi, si ya mizani.”

Ikarudishwa.

Ijumaa tulimuaga kwa soda na hotuba ndefu. Zawadi yake ilikuwa ramani ya nchi kwenye fremu, kubwa kama skrini ile, imechapwa kutoka kwenye tovuti. Alishukuru kwa adabu, akaibeba.

Ameitundika sebuleni. Juu ya kioo cha fremu amebandika kadi zake mbili, gramu ishirini na moja kila moja. Ya Kusini imekaa sawasawa. Ya Kaskazini haifuniki. Mkoa wa mkurugenzi unachungulia pande zote. Mgeni akiuliza, anayeeleza ni binti.