Bi Usingizi wa Gatini

Shemeji yake alisema alilala. Hakulala. Hilo ndilo kosa lenyewe, na ni afadhali litajwe mapema, maana watu wengi huanza kisa hiki kwenye mashine iliyozimika au kwenye mawimbi, kana kwamba mashine na mawimbi ndivyo vilivyomchafulia mwanamke jina. Aliyemchafulia ni mtu mzima mwenye akili zake timamu, kaka wa mumewe, nahodha wa boti ya familia. Na alifanya hivyo mchana kweupe, gatini, mbele ya abiria.

Boti ilikuwa moja na kazi zimegawanywa. Kaka mtu alishika usukani. Mdogo mtu, yaani mume wa mwanamke huyu, alikuwa fundi wa mashine, mikono imejaa grisi hata siku ya harusi yake. Mwanamke alikuwa wa nchi kavu. Alifagia chumba cha abiria, aliuza tiketi, alidaka kamba boti ilipokuja kufunga, na alikaa na redio ya mkononi, ile ambayo watu wa majini huzungumzia. Redio nyingine kama hiyo ilikuwa botini. Ya gatini ilisimama dirishani kwenye kikombe chake cha kuchajia, nyeusi, nzito kama tofali, na antena fupi nene kama kidole gumba.

Shule hakwenda. Kusoma tiketi alijua kwa rangi. Kwa hiyo siku alipokabidhiwa redio alimwomba nahodha amfundishe vizuri.

"Shemeji, hii haina masomo," nahodha alimwambia. "Ukitaka kusema, bonyeza hapa ubavuni. Basi. Hata kuku angeweza."

Akabonyeza, akasema, akajibiwa, na mambo yakaenda. Aliijua njia ya maneno kutokea, ya kuingilia hakuonyeshwa. Ila jambo moja aliliona na likamkaa rohoni: nahodha alikuwa na ukanda wa mpira, umekatwa kwenye tyubu ya baiskeli, na akiwa na maneno mengi aliuviringisha kwenye redio yake juu ya kile kitufe, kikajibonyeza chenyewe, naye akabaki na mikono yote miwili kwenye usukani. Abiria walimsifu kwa ubunifu huo. Naye alikuwa mtu wa kusifiwa. Ukimvika kilemba cha ukoka, anakiinamisha kisimame vizuri.

Siku yenyewe ilikuwa na upepo. Boti ilikuwa katikati ya maji, imebeba abiria na magunia, na mama mkwe akiwa mmoja wao, amekaa juu ya gunia la simenti kama malkia. Mwanamke alikuwa anapiga deki chumba cha abiria aliposikia redio.

"Gati! Gati! Mashine imezima! Tunasukumwa kwenye mawe!"

Aliacha tambara, akarukia dirishani, akabonyeza. "Nipo, shemeji! Nakusikia! Niambie mko upande gani!"

Alipoachia, sauti ya nahodha ilikuwa bado inaendelea kama mtu aliyepitwa na swali. "Gati, uko wapi? Mbona hujibu? Gati!"

Akabonyeza tena. Akajibu tena. Akabonyeza hadi ukucha ukawa mweupe, akapiga kelele hadi koo likamkwaruza, na kila alipoachia alikuta kaka mtu analaani, mama mkwe anaomba Mungu, na upepo unavuma ndani ya redio kama ndani ya mtungi. Aliwaza kwamba kidole chake hakijui kazi. Akaitupa redio begani kwa ugwe wake, akakimbia karakana ya boti kutafuta chombo cha kuwafuata. Karakana ilikuwa imefungwa, watu wamekwenda kula. Akagonga mlango wa bati mpaka mbwa wa jirani wakachoka kubweka. Hapakuwa na mtu.

Aliporudi anahema, tayari tishali, chombo bapa cha kubebea mchanga, lilikuwa limeivuta boti hadi mdomoni mwa gati, limeiachia, limeendelea na safari zake. Wote wazima. Watu walikuwa wanashuka wamelowa, na nahodha amesimama juu ya ngazi, anamsubiri.

"Huyu hapa!" akasema, na alisema kwa sauti ya kutangazia mnada. "Nimeita mpaka ulimi umekauka, mwenzenu amelala fofofo! Tungekufa sisi, angeamka kuja kuuliza nauli!"

"Nilijibu, shemeji. Nilikujibu na kukujibu."

"Ulijibu ndotoni. Waulizeni hawa, kuna aliyesikia jibu?"

Abiria walitazamana. Hakuna aliyesikia. Nao hawakuwa waongo, masikini, walisema walichokisikia. Mwanamke akamtazama mumewe. Mumewe akafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja, akasema, "Mimi nilikuwa chini kwenye mashine," akashuka tena chini.

Haikutosha. Nahodha alichukua redio yake, akawatangazia wenye boti wote wa maji yale, kwenye chaneli ileile, wajue gati yetu ina mlinzi wa aina gani. Hapo ndipo jina lilipozaliwa. Kufikia jioni watu wa boti za jirani walikuwa wakipita wanamwamkia, "Bi Usingizi, umeamkaje?" na kucheka. Redio ikaondolewa dirishani, akapewa binti wa nahodha, ambaye aliiweka kando ya kioo chake cha kusukia nywele. Mwanamke akabakizwa na ufagio na kamba.

Hili ndilo watu wasilolielewa kuhusu kusingiziwa. Ukijua kwa yakini huna kosa, unajikaza kisabuni, unaoga, unalala. Lakini yeye hakuwa na yakini. Alijua hakulala. Je, kidole? Usiku mwingine kidole gumba cha kulia kilikuwa kinajibonyeza chenyewe kwenye shuka. Labda kweli hakubonyeza sawasawa. Labda watu wale nusura wafe kwa sababu yake, na shemeji amekosea neno tu, si jambo. Alitaka kujua hilo kuliko alivyotaka kufutiwa jina.

Mwaka ule binti wa nahodha akaolewa, akahama. Na mwaka uleule ofisi ya bandari ikaleta sharti: kila boti ya abiria iwe na mtu wa nchi kavu aliyefunzwa redio na kufaulu, la sivyo isiondoke gatini.

"Aende Bi Usingizi?" nahodha alisema mezani, kijiko hewani. "Si atasinzia darasani?"

"Basi nenda wewe," mama mkwe akamjibu.

"Mama, mimi nikienda nani ataendesha?"

"Ndiyo hivyo. Mwache aende. Akisinzia, walimu watamwamsha."

Wakacheka wote. Mwanamke aliosha vyombo, akafua kitenge chake kizuri, asubuhi akaenda.

Darasa lilikuwa chumba cha ghorofani, viti vya plastiki, feni inayozunguka kwa kulalamika. Mwalimu alikuwa mwanamke mnene mwenye suruali ya sare na sauti ya mama mwenye watoto wengi. Wanafunzi wengine walikuwa wanaume wa vyombo, na mmoja, mzee mwenye kofia ya sufu hata katika joto lile, alikuwa mshika usukani wa tishali la mchanga. Mwanamke hakuwahi kumwona, lakini tishali lilipotajwa alijua ni lile lililoivuta boti.

"Mimi kuandika sijui," alimwambia mwalimu mapema, ili aibu ipite asubuhi.

"Redio nayo haijui kusoma, mama. Kaa mbele."

Alifundishwa kuanzia mwanzo, kama mtoto anayefundishwa kunawa. Washa. Zungusha hiki kidude mpaka ule mchakarisho unyamaze, usizidishe, ukizidisha utawafungia mlango na wanaoita kwa mbali. Chaneli ya kumi na sita ni ya kuitana na ya hatari. Mkishapatana, hamieni nyingine mwache njia wazi. Sikiliza kwanza kama kuna mtu anasema. Ishike mbali kidogo na mdomo, antena ikitazama juu. Mwite unayemtaka kwa jina lake, ujitaje wewe, useme ulipo. Ukimaliza sema "ova," uachie.

"Na hapa kwenye kuachia ndipo wengi wenu mnapokufa," mwalimu akasema. "Hii si simu. Haina sikio na mdomo kwa pamoja. Ukibonyeza, ni mdomo mtupu, wewe ni kiziwi. Na mdomo wako ukiwa wazi, wengine wote kwenye chaneli hiyo wamekuwa mabubu. Msipoachia, hata malaika akiwajibu hamtamsikia."

Kalamu za wanaume zikawa zinaandika. Mwanamke hakuwa na kalamu. Alikuwa ameshika redio ya mazoezi mapajani, na kidole gumba kimepoa kama kimewekwa kwenye maji ya kisima.

"Mwalimu," akasema. "Na mtu akikifunga kitufe kwa mpira?"

Darasa likaangua kicheko. "Nani mwehu huyo?" mmoja akauliza. "Amfunge na mkewe!"

Mwalimu hakucheka. Alivua ukanda wa mpira uliofunga karatasi zake, akauzungusha kwenye redio moja, kitaa chekundu cha kuonyesha redio inasema kikawaka juu yake. "Mama, shuka uani na yako. Nijibu nikikuita."

Akashuka. Kwenye ua, kando ya tangi la maji, alimsikia mwalimu akimwita waziwazi kama yuko begani. Akajibu. Mwalimu akaita tena. Akajibu tena, kidole kimebonyeza barabara, ukucha mweupe. Mwalimu akaendelea kuita: "Mama, uko wapi? Mbona hujibu?" Sauti ilikuwa ya mwalimu, lakini maneno aliyafahamu.

Akaachia, akakaa juu ya ukingo wa saruji, akalia kidogo, si sana. Kisha akafuta uso kwa pembe ya kitenge akapanda.

Yule mzee wa tishali alikuwa amevua kofia.

"Dada," akasema, "wewe ni wa gati ile ya boti iliyozimikiwa? Siku ile ya upepo?"

"Ndiye mimi."

"Basi hata sisi tulimjibu yule bwana! Alikuwa amejaza chaneli nzima, hatuna pa kupenyeza neno. Tunamsikia yeye, tunamsikia na bibi mmoja anamwomba Mungu. Tukamwambia tunakuja, tunakuja, wapi! Nilipomfikia nikamwuliza, mbona hujibu? Akatazama redio yake, akavua mpira akautia mfukoni, akaniambia, redio mbovu hii."

"Alivua mpira?"

"Kwa macho yangu haya."

Basi nahodha alijua. Kabla boti haijafika gatini, kabla hajapanda ngazi na kutangaza, alikuwa tayari na mpira mfukoni.

Mwanamke alifaulu. Mtihani ulikuwa wa mdomo na kidole, naye alikuwa na vyote viwili. Alirudi gatini na cheti kimekunjwa kifuani, akamkuta mama mkwe kivulini mwa ukuta wa chumba cha abiria anachambua mchele, na nahodha anafunga kamba. Hakusubiri wakati mzuri. Alikwenda botini, akachukua redio pale penye usukani, na ukanda wa mpira ukiwa juu yake bado, akawaeleza wote wawili alichofundishwa na alichosema mzee wa tishali. Alieleza polepole, bila tusi hata moja. Mumewe alitoa kichwa kwenye chumba cha mashine, akasikiliza hadi mwisho.

Nahodha aliichukua redio, akavua mpira, akautupa majini.

"Haya, umeisha," akasema. "Mambo ya zamani hayo, shemeji. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayazoleki, lakini sakafu hupigwa deki. Na mimi deki naijua."

"Unataka nini sasa?"

"Useme."

"Nimekosea. Samahani. Haya, nimesema."

"Umesema hapa, kwenye masikio ya mama na magunia. Ulinitia matope hewani, nisafishe hewani. Redio hiyo. Chaneli hiyo."

"Boti zote zisikie? Niwe kichekesho, na umri huu?"

"Mimi nilipofanywa kichekesho nilikuwa na umri gani?"

Nahodha akajifanya hamnazo, akarudi kwenye kamba zake.

Ni mama mkwe aliyeweka ungo chini. "Mimi niliuona ule mpira," akasema, hakumtazama mtu. "Niliuona na sikujua maana yake. Lakini kukuita Usingizi nilijua maana yake. Njoo ukae hapa, mwanangu." Tangu siku hiyo jina lile halikutoka tena kinywani mwake, na aliyelitamka mbele yake alirushiwa chochote kilichokuwa karibu. Huyo amelipa lake.

Mumewe naye alijaribu. Jioni ile alipigilia rafu mpya dirishani, akaiweka redio pale, akasema, "Mama watoto, nilipaswa kusema kitu siku ile."

"Ulipaswa kusema nini?"

Akafikiri. "Kwamba wewe hulali mchana. Hata ukiumwa."

Limechelewa, lakini limefika. Amelipa nusu, nusu anaendelea kulipa kwa kunawa mikono kabla ya kula.

Siku hizi redio ni yake. Nahodha huita ipasavyo, hutaja jina, husema alipo, husema ova, huachia. Yeye humjibu kwa sauti tulivu, na katika maji yale hakuna gati inayojibu upesi kama hii, hata wenye boti za jirani wanakiri, ingawa baadhi yao bado huanza na "Bi Usingizi." Boti inapofunga kwa siku, nahodha husema, "Tumefika salama, ova." Mwanamke hujibu, kisha haizimi mara moja. Huitundika begani, kitaa chekundu hakiwaki, njia iko wazi, huku akikunja kamba.

Anachodai ni sentensi moja: kwamba gati ilijibu siku ile, asiyesikia ni nahodha. Mdaiwa ni kaka wa mumewe. Chaneli ni ileile, na kitufe sasa anajua kinavyofanya kazi. Bado hajasema.