Miaka Mia Tatu ya Severini

Mdomo uliponza kichwa, na kichwa chenyewe ni cha mdogo wangu Severini. Ukimwuliza jambo anakueleza lote, hata usilotaka kulisikia.

Kazi yake ni kuunganisha plastiki. Si ndoo wala beseni. Ni zile nyeusi, nene, za kutandika mabwawa ya samaki. Anazishona kwa joto la mashine, kisha anajaza hewa ndani ya mshono na kuikodolea macho geji. Mshale ukishuka, anarudia. Mwaka jana aliitwa kusini kutandika shimo la kuzikia taka za mionzi, vyuma vya mahospitalini vilivyokwisha kazi. Akaenda, akamwacha mkewe Modesta mjamzito kwa mama yetu, kijijini Nangara.

Anarudi, mtoto ameshazaliwa, wa kiume, Nikodemu. Jamani, mtu alishuka kwenye bajaji mbio, begi akalisahau! Mama akamzuia uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Simama hapo hapo. Hizo taka ulizokwenda kuzika ni mkosi gani?"

Alimjibu vizuri tu mwanzoni: taka zilikuwa hazijafika, yeye alitandika shimo tupu akaondoka. Si angenyamaza? Thubutu! Akaanza somo. Eti plastiki ile ikipigwa sana na jua inachoka na kupasuka, lakini ikifukiwa mapema, kwenye ubaridi, yaweza kudumu hata miaka mia na zaidi.

"Na taka zenyewe zinaisha nguvu lini?" mama akauliza.

"Kama miaka mia tatu hivi," akajibu, kifua mbele.

Mama akashika kiuno. "Basi utakaa pembeni mpaka ziishe."

Mama yetu hakosi kanisani Jumapili, lakini metimani, mwiko wa kwetu Wairaqw, hajaiacha. Nyumba iliyopatwa na mkosi hukaa peke yake. Haiingiwi, wala haiombwi moto, mpaka mkosi uishe. Mikosi ya watu wengine huisha. Huu wa kwetu ulipewa karne tatu, na aliyeutaja umri ni mwenyewe!

Severini akahamia stoo ya mahindi, na sahani yake na kikombe chake. Kuingia ndani kwa nguvu kungekuwa kumvunjia mama heshima, na Modesta naye alishaanza kuogopa. Alikuwa akimwonyesha mtoto dirishani tu. Mwanzoni nilimcheka Severini mpaka mbavu zikauma. Kisha nikaona anakonda, na chakula anakirudisha.

"Dada, kilio cha mwanangu nakijua," aliniambia siku moja. "Uzito wake siujui."

Nilikwenda kumgombeza mama. Nikamwambia kijana alipimwa kwa mashine kabla ya kuondoka kule, hana kitu, na yeye mama anamwua mwanawe bure. Mama aliendelea kuchambua maharage, lakini niliona anachanganya mabovu na mazima.

Asubuhi iliyofuata akatoka ndani na mtoto kifuani, akavuka ua mwenyewe hadi mlango wa stoo. Modesta alimfuata nyuma, kakunja khanga mdomoni.

"Haya baba," mama alisema. "Uchungu wa mwana naujua. Yameisha. Mshike mwanao."

Severini alisimama, akacheka, akanyoosha mikono. Mikono ikaishia njiani. Akaitazama. Akaifuta kwenye suruali, akaifuta tena, kwa nguvu, kisha akaiweka nyuma ya mgongo.

"Mama," alisema, "una hakika mkosi umeisha?"

Mama akanigeukia mimi. Hasira na machozi vilinijia pamoja. Nikamfokea: "We Severini! Si huyu ndiye uliyemlilia siku zote? Mshike!"

"Nataka," akasema. "Dada, nataka sana."

Nikodemu akaanza kulia. Baba yake akarudi nyuma hatua moja, akaingia stoo, akavuta mlango.