Wino kwenye Dole la Baba

Mimi simwamini mtu anayeingia kwangu na daftari. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani nilibadilika nikawa mwema. Watu wa daftari nawajua tangu utoto. Wanaanza na shikamoo, wanakunywa chai yako, kisha wanaondoka na jina lako, na hujui jina hilo linakwenda kulala wapi.

Nyumba yangu iko Nangara, pembeni mwa mji, upande wa chini, karibu na korongo ambalo kiangazi watoto huchezea mpira ndani yake. Wakati huo nilikaa na binti yangu wa mwisho, aliyekuwa darasa la saba, na Baba yangu mzazi. Baba alichunga ng'ombe kwenye tambarare za Hanang mpaka miguu ikamgomea, ndipo nikamchukua. Aliweza kutambaa kutoka kitandani mpaka kwenye kiti chake mlangoni, na hapo alishinda akiota jua na kuitikia shikamoo za wapita njia.

Yale matope yaliyofukia watu na nyumba yalikuwa yameshashuka kule mlimani Hanang, na ghafla kila mtu mjini akawa analijua neno maafa. Mjumbe wetu, mama mmoja mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, akaanza kupita nyumba za bondeni akiwa na daftari la jalada gumu. Alituambia kila nyumba iwe na mzigo uliofungwa tayari karibu na mlango: nguo kavu, tochi, dawa, na vyeti ndani ya nailoni. Mvua ikizidi, trekta itapita kuchukua kwanza wasiojiweza, iwapeleke shule ya msingi kule juu. Kwa hiyo alitaka kujua kila nyumba ina watu wangapi, na nani hawezi kutembea.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, mama," akaniambia.

Mimi ufa sikuuona. Nilichoona ni mtu anayetafuta njia ya kututoa bondeni. Kiwanja changu ni kizuri, migomba inastawi bila kumwagiliwa, nani asingekitaka? Nilishaona watu wakiandikwa kwa heri wakaja kuhamishwa kwa shari. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

"Mko wangapi hapa?"

"Wawili."

Alikitazama kiti kitupu pale mlangoni. "Na mzee je?"

"Mzee alikuja kutusalimia tu. Amesharudi kwao."

Mzee alikuwa nyuma ya pazia, hatua tatu kutoka tuliposimama. Siku hiyo alikuwa na homa kidogo, hakutoka. Nilimshukuru Mungu kwamba hakukohoa.

Wala sikuona kosa. Baba ndiye aliyetulea hivyo. Kwao watu hawahesabiwi na ng'ombe hawahesabiwi. Ukimwuliza ana ng'ombe wangapi atakujibu, "Wapo," na hapo mazungumzo yameisha. Nikiwa mdogo niliwahi kusimama zizini nikawahesabu ndama kwa kidole, na sikufika wa nne kabla Baba hajanichapa mkono. Alisema kuhesabu ni kukiita kifo kije kupunguza. Basi na mimi nilikuwa nimemlinda kwa dawa yake mwenyewe.

Jioni nilimsimulia nilivyomzungusha mjumbe, nikitegemea acheke. Hakucheka.

"Nilisikia," alisema, akageukia ukutani.

Wiki iliyofuata nilirudi kutoka sokoni, ninakouza mbaazi na maharage, nikamkuta Baba kwenye kiti chake, dole gumba lake limepakwa wino wa zambarau.

"Baba, hii nini?"

"Wino."

"Naona ni wino. Nani amekushika dole?"

"Mimi si mtoto. Hakuna wa kunishika."

Mtu asiyejua kusoma, dole lake ndiyo sahihi yake, na kwa dole la mzee aliyekaa peke yake mlangoni watu wameshapoteza mashamba. Nilikwenda kumwuliza jirani kama ameona mgeni yeyote. Alijibu hapana, tena alijibu haraka mno, nikamweka naye kwenye orodha ya ninaowashuku. Sikungoja. Nilichukua karatasi za kiwanja, nikazitia kwenye kopo la bati, nikachimba chini ya kitanda changu na kuzifukia. Aje sasa huyo mnunuzi, nilisema moyoni, tuone atashika nini.

Nilikuwa bado nafuta udongo mikononi nilipoona jambo la pili. Karibu na kiti cha Baba palikuwa na mzigo: shuka lake jekundu limefungwa kwa kamba, ndani yake bakuli na kandambili za tairi, fimbo imepitishwa juu. Nikajumlisha na wino. Mzee amekwisha kuuza, na sasa anataka kunikimbia arudi Hanang.

Niliufungua ule mzigo, nikarudisha kila kitu mahali pake. Kesho yake niliukuta umefungwa tena. Tuliendelea hivyo siku nyingi, mimi nafungua, yeye anafunga, na hakuna aliyemsemesha mwenzake juu ya jambo hilo. Mwisho uvumilivu ukaniisha.

"Unataka kwenda wapi na miguu hiyo?"

"Siendi. Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Mvua."

Nikachungulia nje. Anga lilikuwa jeupe, hata wingu la kusingizia halikuwepo. Nikajua ananidanganya, na niliumia, kwa sababu katika maisha yangu yote yeye ndiye mtu pekee ambaye sikuwahi kumtilia shaka.

Mvua ilikuja. Ilianza asubuhi binti yangu akiwa ameshakwenda shule, na kufika saa sita korongo lilikuwa linanguruma. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yaliingia chini ya mlango, taratibu kwanza, kisha kwa haraka, yakabeba sufuria na ndala zangu. Nilitia matofali chini ya kitanda cha Baba. Maji yalipoyafikia matofali nilimwambia apande mgongoni. Baba ni mtu mrefu, mifupa mitupu lakini mizito. Nilinyanyuka, nikapiga hatua mbili, tukaanguka wote. Nilimvuta nikamrudisha kitandani na hapo nguvu zikaniisha. Sikuwa na uwezo wa kumtoa. Nilisimama nikalia kwa sauti.

Ndipo nikasikia trekta. Kwenye dirisha niliiona ikikata maji, ikazipita nyumba tatu bila kusimama, ikaja moja kwa moja kwangu. Juu ya tela alisimama mjumbe, amevaa koti la mvua la kiume. Kwa nini aanzie kwangu? Wazo langu, na nalieleza kama lilivyokuwa, ni kwamba wamekuja kuchukua kiwanja siku ambayo siwezi kupigana. Nikaenda nikakaza komeo.

"Fungua mama! Tumekuja kumchukua mzee!"

"Mzee gani?"

Maji yalikuwa yamenifika magotini.

"Fungua, maji yanapanda!"

"Mzee gani? Nilishasema hapa tuko wawili!"

Hapo Baba akaita. Tangu augue alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, lakini siku hiyo aliita kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya malisho.

"Niko hapa!"

Nikafungua. Wanaume wawili waliingia, mmoja akambeba Baba, wa pili akainua mkono akachukua ule mzigo, ambao asubuhi hiyo Baba alikuwa ameuinua kwa fimbo akautundika kwenye msumari. Niliwafuata nyuma bila kubeba kitu. Karatasi za kiwanja zilikuwa chini ya kitanda changu, kwenye kopo, chini ya udongo na maji.

Kwenye tela nilimwambia mjumbe nataka kuliona hilo daftari. Hakunibishia. Alilitoa kwenye nailoni, akalifungua ukurasa wa mbele. Jina la Baba lilikuwa juu kabisa, na kando yake alama ya dole gumba, ya zambarau.

"Aliniita mwenyewe nikipita," alisema mjumbe. "Ulikuwa sokoni. Akaniambia nyumba hii ni ya watu watatu, na mmoja hana miguu."

Shuleni walituweka darasani. Binti yangu alikuwa yupo hapo hapo shuleni, alitukimbilia, akakaa katikati yetu. Baba alifungua mzigo wake. Shuka lilikuwa kavu. Alinifunika mimi, maana ndiye niliyekuwa natetemeka.

Tulizoea kuongea kwa lugha ya kwetu, na kwa lugha hiyo nikamwuliza, "Baba, si wewe uliyenichapa kwa kuhesabu ndama?"

"Ng'ombe wangu siwahesabu kwa sababu nawajua," alisema. "Wakiingia zizini jioni, mmoja akikosekana naliona pengo lake, narudi kumtafuta. Hawa wa daftari wananijua? Asiyekujua, asipokuhesabu, atajuaje kwamba umebaki?"

Alivuta pumzi. Nilidhani amemaliza.

"Lakini wewe unanijua," akasema. "Na ukawaambia sipo."

Nilitamani anichape tena mkono kama siku ile zizini, niwe nimelipa.

Baadaye mjumbe alizunguka darasani na daftari lake, akimwuliza kila mtu ana watu wangapi. Alipofika kwetu alisita, kalamu hewani, akanitazama usoni. Nilikuwa simwamini bado. Nilimwambia asogee karibu nione anachoandika. Kisha nikainua kidole mbele ya Baba, nikaonyesha mmoja mmoja: binti yangu, mimi, na huyu hapa.

"Watatu," nikasema.