Kumfundisha Mbwa wa Watoto Kutafuta Ndama

Mbwa wetu alikuja kijijini kwetu Kasekese ndani ya boksi la sabuni, nimemweka miguuni kwenye basi, natoka naye Shanwe kwa dada yangu. Alikuwa mbwa wa kuchezea watoto. Aliogopa hata kuku. Radi ikipiga, alikuwa chini ya kitanda kabla yetu. Mume wangu ni Msukuma, na kwao mbwa ni mtu wa kazi. Alimtazama siku ile akaniuliza, "Mama watoto, umeleta mbwa au umeleta mgeni?" Nikamwambia anyamaze, hajaombwa amlishe. Lakini kweli ni kweli: kwa miaka miwili yule mbwa hakufanya kazi yoyote zaidi ya kula makoko ya ugali na kulala mlangoni, sisi tunamruka tu.

Aliyeniingiza kwenye shughuli hii ni ng'ombe. Hakuwa wetu. Alikuwa wa baba mkubwa wa mume wangu, mzee mwenye kundi kubwa ambalo huligawa kwa watu wamfugie. Utaratibu wao ni huu: unapewa ng'ombe jike, maziwa unakunywa wewe, ndama wa kwanza na wa pili ni wa mwenye ng'ombe, wa tatu ni wako. Mnyama akifa mikononi mwako, unapeleka ngozi. Ngozi ndiyo shahidi. Huna ngozi, huna maneno.

Mzee alinipa mimi huyo ng'ombe, si mume wangu. Alisema hivyo mbele za watu. Mimi mtoto wa Kipimbwe, kwetu ni mpunga na mahindi, ng'ombe tulimjua siku ya harusi akiwa kwenye sufuria. Nilijifunza kukamua nikiwa mtu mzima, nikapigwa mateke, nikamwaga maziwa, nikatukana. Miaka ikaenda. Ndama wa kwanza akaenda kwa mzee, wa pili akaenda. Wa tatu nilimsubiri kama mtu anavyosubiri mtoto wake wa tumbo.

Yule ng'ombe akaenda kumzalia porini. Hapa kijijini tunachunga kwa zamu, leo nyumba hii, kesho nyumba ile, na siku ile zamu haikuwa yetu. Alijitenga na kundi, akazaa, akamficha ndama kwenye majani, kisha akarudi jioni na wenzake, kiwele kimejaa, mkia una damu. Watu wakasema mfuateni, atawapeleka kwa mwanawe. Thubutu! Huyo ng'ombe alijua anafuatwa. Alituzungusha kutwa nzima anakula majani taratibu, akitutazama kwa jicho la pembeni. Siku ya pili vilevile. Hatukumpata ndama, hatukupata hata ukwato. Fisi walimaliza kila kitu.

Nikaenda kwa mzee mikono mitupu. Nikapiga goti, nikamwamkia, nikaeleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ng'wanawane, mtoto wangu, wa tatu amepita. Nakuhurumia, atakayefuata nakupa wewe. Lakini huyo naye akipotelea porini, ng'ombe wangu namrudisha. Mfugaji asiyejua ndama amelala wapi si mfugaji."

Nikaaga kwa adabu. Ila njiani nilikuwa naongea peke yangu kama kichaa, nimekasirika mpaka masikio yanawaka. Nilikasirika kwa sababu alikuwa na haki.

Nilipofika nyumbani nikamkuta mbwa amelala mlangoni. Nikakumbuka kitu. Kila mara nikitoka Mpanda mjini na mgebuka mkavu, yule samaki wa ziwani, hata niufunge kwenye mifuko mitatu na kuuficha juu ya kabati, mbwa yule alikaa chini ya lile kabati mpaka nimpe kichwa. Pua ilikuwepo. Kazi ndiyo haikuwepo. Nikamwambia mume wangu, "Nitamfundisha huyu mbwa kutafuta ndama." Alicheka mpaka akaweka chai chini.

Nilianza na damu. Jirani yetu ng'ombe wake akizaa, naenda na kipande cha khanga kuukuu, nakichovya kwenye damu na maji ya uzazi, nakianika. Siku ya mafunzo nakilowesha, nakifunga kamba, nakiburuta kuanzia zizini kupita kwenye mihogo. Mwisho wa njia naweka kipande cha ngozi ya ndama, na juu yake kichwa cha mgebuka. Kisha namnusisha mbwa ile khanga, namwambia, "Tafuta!" Na mimi nyuma na kamba.

Wiki ya kwanza alinitafuta mimi. Alinizunguka, akanilamba mkono. Wiki ya pili akashika. Wacha wee! Pua chini, mkia juu, anapita mihogoni, anazunguka kichuguu, moja kwa moja mpaka kwenye ngozi. Nikaongeza urefu. Nikaweka kona. Kila nilikoburuta alipita. Nikaanza kutembea kijijini shingo imenyooka, nikimwambia kila aliyeuliza na asiyeuliza kwamba mbwa wangu amehitimu.

Basi mume wangu akasema tumjaribu kweli, mbele za watu. Jirani akaburuta khanga alfajiri, mimi nisijue alikopita. Saa tatu wakaja watu kama kumi hivi. Nikamnusisha mbwa, nikasema, "Tafuta!" Akaondoka kwa kasi, kamba inanikata kiganja, na mimi nacheka kwa furaha. Tukavuka shamba, tukavuka kijito, tukaingia uani kwa mama mmoja mwanakwaya ambaye alikuwa anapepeta mchele. Mbwa akaenda hadi mlangoni kwake, akakaa chini mbele ya jozi ya katambuga, akazitazama. Akanitazama na mimi. Anasubiri kichwa chake cha samaki.

Watu walicheka, walikaa chini wakacheka. Yule mama mwanakwaya akauliza, "Ndama wenu amevaa viatu vya mume wangu?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini usiku ule ule nikaelewa. Sisi wote hapa tunavaa katambuga, zile ndala za tairi, na fundi wetu ni mmoja. Mikanda yake ni ya ngozi, na sisi tunaipaka samli ili isikauke na kukata miguu, kwa hiyo harufu yetu wote ni moja. Miezi miwili mimi ndiye niliyekuwa naburuta khanga, na miguu yangu ndiyo ilikuwa inaandika njia chini. Mbwa hakufuata damu hata siku moja. Alifuata samli ya miguuni mwangu. Nilikuwa nimemfundisha vizuri sana kutafuta viatu.

Mume wangu akasema sasa tuache, tumechekwa inatosha. Nikamwambia maji nimeshayavulia nguo, nitayaoga. "Na wewe utaendesha baiskeli."

Kwa hiyo tukaanza upya. Mume wangu anaendesha, mimi nimekaa kwenye keria nimegeukia nyuma, nimeshika mwanzi mrefu umenyooshwa pembeni, na mwishoni mwa mwanzi inaburutwa khanga, mbali na magurudumu, mbali na miguu ya mtu yeyote. Tulianguka mara nne siku ya kwanza. Tulipopita, watu walisimama shambani na majembe yao. "Nyie mnavua samaki nchi kavu?" Nikawajibu ndiyo, na kitoweo hatutawagawia. Mume wangu alikuwa ananung'unika, lakini kila alfajiri nilimkuta ameshajaza upepo.

Mbwa alirudi kuwa mjinga kabisa. Alinusa damu, akatafuta viatu, viatu havipo, akalala chini. Nilimgombeza siku moja kwa sauti kubwa, akajikunja, na wiki nzima hakutaka kunusa kitu. Hiyo nilijuta. Nikajifunza kufunga mdomo, jambo ambalo kwangu ni gumu kuliko kupanda mlima. Nikapunguza njia, hatua thelathini tu. Halafu hamsini. Halafu mia. Tukaburuta asubuhi, tukamfuatisha mchana, jua limeshakausha. Tukaburuta mahali kundi zima la ng'ombe litapita juu yake. Akikosea, nasimama tu, simvuti. Anarudi mwenyewe, anazunguka, anaipata. Na nikamfundisha kwamba njiani akikuta kipande cha nyama si mwisho, asile, aendelee. Mwisho ni ngozi, na kwenye ngozi analala chini, hagusi. Hilo peke yake lilichukua miezi. Mbwa aliyekulia kwenye makoko kumwambia apite nyama! Lakini alipita. Mate yanamtoka, na anapita.

Mvua za kwanza zilipoanza, tumbo la ng'ombe likawa limeshuka. Nikataka kumfunga nyumbani. Nikamfunga siku tatu, akakataa kula, akakata kamba, akawafuata wenzake. Siku ya nne nikamwachia, kwa sababu kwa hesabu yetu bado wiki mbili.

Ng'ombe hana kalenda. Siku hiyohiyo, saa kumi jioni, kundi likarudi na yeye yumo, tumbo limebonyea, mkia una damu. Mchungaji wa zamu, yule jirani yetu, alinijia mbio. Alisema hakumwona akijitenga. Upande wa milimani mawingu yalikuwa yamekuwa meusi. Mvua ikinyesha juu ya damu, basi. Giza likiingia, fisi. Nikaona kabisa akilini mzee anakuja na fimbo yake kumswaga ng'ombe wake.

Nilivua katambuga nikazitupa. Nikachukua kamba, nikafuta damu ya mkia kwa kitambaa, nikamnusisha mbwa. Sauti yangu ilitoka ndogo, "Tafuta."

Akaanza kurudi kule kundi lilikotokea, njia ileile, juu ya kwato za ng'ombe karibu mia. Mume wangu alikuja nyuma na panga. Kwenye kijito mbwa akapoteza. Alienda juu, akarudi, akaenda chini, akarudi. Upepo wa mvua ukaanza. Mume wangu akasema, "Twende kule kwenye kichaka alikotuzungusha mwaka jana, ng'ombe hurudia mahali." Akanishika mkono. Nikamwambia, "Mwache mbwa afanye kazi!" Nilipiga kelele, nakiri. Mbwa alishtuka, nikadhani nimeharibu. Akanyanyua pua, akavuka maji, akaenda kushoto, upande ambao si wa kichaka kabisa.

Tulipita majani marefu mpaka kiunoni. Miiba ilinichana nyayo, sikuisikia. Kisha kamba ikalegea, mbwa amesimama. Mbele yake palikuwa na majani yamelaliwa, damu, na kondo la nyuma, limejaa sisimizi. Ng'ombe hakuwahi kulila, kundi lilirudishwa mapema. Ndama hayupo.

Mbwa alinusa lile kondo. Alikuwa hajala tangu asubuhi. Mume wangu akasema taratibu, "Amefika. Kwake hapa ndiyo mwisho." Na mimi nikajua akiinama akala, tumekwisha, sina tena cha kumwambia. Niliuma mdomo. Matone ya kwanza yakaanza kuanguka, makubwa, yanapiga majani. Mbwa akalamba pua yake. Akalipita.

Akaenda hatua kama mia mbili, sasa polepole, akivuta pumzi kwa sauti. Nyuma ya kichuguu akalala chini, kidevu ardhini, akatulia. Sikuona kitu. Nikasogeza majani kwa mkono, nikagusa kitu cha moto, chenye unyevu, kinapumua.

Nilikaa chini nikalia, tena kwa sauti. Mume wangu alivua shati lake akamfunika ndama, halafu akamshika mbwa kichwa kwa mikono miwili, akamwambia kitu kwa Kisukuma ambacho hajawahi kuniambia mimi. Mvua ikashuka yote. Nikambeba ndama mabegani mpaka nyumbani, na mama yake alipomsikia zizini alipiga kelele kama siye aliyemficha. Ndama alinyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza, akiwa amesimama kwa shida, miguu inapishana.

Asubuhi mzee alikuja, habari ilishamfikia. Nikapiga goti, "Shikamoo baba." Akaitikia, akapita hadi zizini, akainua mkia wa ndama akatazama. "Mtamba, jike huyu," akasema. Akamtazama mbwa kwa muda mrefu. Kisha akatoa kisu kwenye ala, akanipa mimi kwa mpini.

Hapa kila boma lina alama yake ya kukata kwenye sikio la ng'ombe. Wanawake wote walioolewa ninaowajua ng'ombe wao wanakatwa alama ya mume. Mume wangu akasogea akamshika ndama, akageuza sikio, akanionyesha kwa kidole pale pa kukata, pembeni, mikato miwili, ya kwao. Mzee akasema, "Mwache. Mwenyewe ni huyu."

Nilikata mkato mmoja, katikati ya ncha. Ndama akalia, akatikisa kichwa, tone la damu likaniangukia usoni.

"Hiyo alama ya nani?" mume wangu akauliza.

"Yangu," nikamwambia.