Muuguzi Anayesugua Meno ya Mgonjwa

Kila asubuhi muuguzi huinua kichwa cha kitanda, hushika bomba la kupumulia lisicheze, kisha husugua meno ya mgonjwa polepole. “Samahani baba, hapa patauma kidogo,” humwambia, ingawa amepoteza fahamu na hasikii. Mke mkubwa, aliyeitwa kwa kuwa mke mdogo hapokei simu, humtazama amenuna.

“Kinywa hicho kilinitukana mbele ya wanangu,” akasema siku moja.

“Pole, mama. Ila mapafu nayo yana vijidudu vyake, vinakaa humo kwa amani. Vya kinywani vikishuka na bomba, nimonia inamchukua.”

Muuguzi akainama kusikiliza kifua, kidole hewani kuomba kimya. Uso ukamlegea kwa nafuu. “Leo pako safi.”

Mwanamke akakitazama kile kifua kikipanda na kushuka. “Kumbe ndani ya mtu huyu kuna waliokaa kwa amani,” akasema, akachukua tochi amwangazie muuguzi asugue magego.