Maandishi Mlangoni kwa Hooyo

Juzi niliingia ofisi moja mtaani Waberi, hapa Mogadishu, nikaona mlango umeandikwa "Subordinate Staff", nikacheka peke yangu. Maneno hayo ni ya wafanyakazi walio chini ya amri ya wengine. Utotoni sikuyaelewa hivyo.

Yalikuwa kwenye mlango wa jiko la shule yetu, alikopika hooyo, mama yangu. Alasiri moja maji yalikuwa yamebaki kidogo. Jiko lilinuka moshi na maharagwe, nasi tumepanga foleni na vikombe vyetu. Mwalimu mkuu akaja na birika, akaomba maji ya chai.

"Subiri, mwalimu," hooyo akasema bila kugeuka. "Watoto kwanza."

Mwalimu mkuu angeweza kumfukuza kazi, lakini alisubiri hadi kikombe cha mwisho kikajaa. Nikatazama yale maandishi mlangoni, nikajua hakuna cheo kikubwa kuliko hicho.

Tuliporudi darasani, mwalimu wa Kiingereza, mgeni kutoka Nairobi, akatuuliza tukikua tunataka kuwa nani.

"Subordinate staff!" nikajibu kwa sauti.

Alicheka mpaka akashika meza, akangoja darasa licheke naye. Hakuna aliyecheka. Sote tulikuwa na maji ya hooyo tumboni.