Siku Mama Mkwe Aliposema na Ukuta

Wanaume wenzangu wa Kalinzi wakikaa kujisifu, mmoja atataja kahawa yake, mwingine pikipiki, mwingine mtoto aliyeko chuo. Mimi huwasubiri wamalize, kisha namtaja mama mkwe wangu. Wanacheka. Wacheke tu, hawana wa kumfananisha naye.

Kwetu mkwe na mkwe hawazoeani. Tangu nimwoe binti yake, mama yule akiniona njiani alikuwa anapita pembeni na kujitanda kitenge. Akiwa na neno na mimi, alimtuma binti yake. Kula mbele yangu hakuna, kunywa hata maji hakuna. Nami nilikuwa vivyo hivyo, na nilijiona nina adabu kuliko wakwe wote wa milimani.

Msimu mmoja wa kuchuma kahawa akaanza kuumwa mgongo, upande mmoja, maumivu ya kuja na kuondoka. Yakija, anagaagaa chini. Sote tukasema ni vikapu vya kahawa. Zahanati wakampa vidonge vya kutuliza maumivu, akarudi, wakampa tena. Mwishowe tukaambiwa tumpeleke hospitali ya mjini, na mke wangu ndiyo kwanza amejifungua. Nikabaki mimi na pikipiki yangu. Mama akapanda, akaweka kifurushi cha nguo katikati yetu.

Daktari alikuwa kijana, mgeni wa mkoa, Kiha hajui. Kiswahili cha mkwe wangu ni cha salamu, hakivuki hapo. Muuguzi anayejua Kiha hakuwa kwenye zamu siku ile. Basi mkalimani nikawa mimi.

"Muulize mkojo ukoje," daktari akasema.

Nikakohoa. Nikatazama viatu vyangu. Neno hilo nimpelekee mama mkwe kwa mdomo gani? Nikamuuliza kama mgongo unauma sana. Akasema unauma. Nikamwambia daktari mgongo unauma.

Daktari akaweka kalamu chini. "Kaka, kama ni mgongo tu, nitawapa dawa za mgongo mwende. Lakini kama kuna jiwe limeziba njia, mkojo unarudi kujaa kwenye figo, na figo ikikaa hivyo inakufa. Nahitaji jibu."

Hilo nililitafsiri lote, jasho likinitoka.  Mama akajigeuza kwenye benchi, akaupa ukuta uso, akavuta kitenge hadi puani, akaanza kuuambia ukuta kwa Kiha, sauti kavu kama anatoa ushahidi barazani.

"Mwambie mkojo wangu una damu. Mwambie unakuja kidogo kidogo, na unachoma. Maumivu yanaanzia mgongoni yanashuka mpaka kinenani. Usiruke hata neno. Na usinitazame."

Sikuruka. Nilitafsiri nikiutazama mlango, na fahari ilinijaa kifuani mpaka nikasahau aibu yangu. Alipotakiwa kutoa mkojo wa kupima, alinikabidhi kikopo kimeviringishwa kwenye kanga yake, nami nikakipeleka maabara kwa mikono miwili, nikiamkia watu njiani kama nimebeba zawadi ya harusi.

Picha ya tumbo ikaonyesha jiwe dogo limekwama kwenye mrija unaotoka kwenye figo kwenda kwenye kibofu. Figo ilikuwa imeanza kuvimba, ila haijaharibika. Daktari akatoa dawa, akasisitiza anywe maji, kutwa nzima, nyumbani na njiani. Jiwe lisipotoka, wangemfanyia upasuaji.

Tulipokuwa tunapanda mlima kurudi, akaniita kwa sauti yake mwenyewe. Nikasimamisha pikipiki, tukashuka. Nilipomwona anatoa chupa ya maji kwenye kifurushi, nikampa mgongo kwa heshima, nikawa natazama migomba.

"Baba, geuka," akasema. "Daktari akikuuliza kama nakunywa, utamjibu nini? Wewe ndiye unayenisemea. Basi ona."

Akafunua uso. Akainua chupa, akanywa mpaka ikaisha, akijua kabisa kwamba namtazama. Machozi yalinilenga, na sisemi ni vumbi.

Tuliporudi kupimwa tena, jiwe lilikuwa limeshatoka na figo imetulia. Daktari akaniomba nimuulize mama kama alikuwa anakunywa maji.

Sikumuuliza. "Anakunywa," nikasema. "Nimemwona kwa macho yangu."